Uzi Mweusi kwenye Ukurasa wa Kumi na Saba

12 Februari

Baba na Mama wapendwa,

Shikamooni. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inayolalamikia baridi ya huku. Natumaini nanyi hamjambo, kwamba Baba bado anagombana na msomaji wa habari redioni, na kwamba cherehani ya Mama haijaanza tena kula uzi.

Ndani ya bahasha hii mna mswada wa kitabu cha nne. Kikishatoka hiki vitabaki viwili, kisha watunzi wetu sita wa muziki watakuwa wametimia, mkataba wangu utakuwa umekwisha, nami nitapanda ndege nifike nyumbani tarehe 16 Agosti.

Huyu wa nne ni yule aliyepoteza kusikia. Mhariri wangu anasema mtoto wa miaka minane hawezi kuelewa vipi mtu atunge muziki asiousikia. Nikamwambia, "Ngoja benchi la Mama liseme." Akaniuliza benchi gani. Basi ikabidi nimweleze yote: kwamba Mama hushona sare za shule, kwamba watoto wanaongoja kupimwa hukaa kwenye benchi chini ya dirisha, na kwamba huwasomea miswada yangu huku ana pini mdomoni, ndiyo maana watunzi wote wakubwa wa dunia, kwa watoto wa mtaa wetu, wana kithembe. Nikamweleza na nyuzi zake za pembeni mwa ukurasa. Mwekundu, hapa wamecheka. Mweupe, hapa wamenyamaza hata pumzi haisikiki. Mweusi, hapa wametazama dirishani na kuanza kufinyana.

Akasema, "Kwa hiyo ukiona mweusi unautoa ukurasa?"

Nikamwambia hapana, Mama hajapata kunitolea ukurasa hata mmoja. Kwake uzi mweusi una maana moja: andika upya, Chiriku.

Baba, nawe usinionee. Kitabu cha tatu kilirudi kimejaa wino wako wa kijani kama bustani iliyonyeshewa.

Mama, mbona barua iliyopita hukuongeza mstari wako mwishoni?

Binti yenu,
Chiriku

*

6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Bahasha yako ilifika tarehe mosi ikiwa imefunguka upande mmoja, jambo ninalolihusisha na gundi uliyotumia. Nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Sisi hatujambo, isipokuwa mama yako ana kikohozi kilichokaa siku nyingi kuliko tulivyomkaribisha. Daktari amempa dawa na amemkataza vumbi la vitambaa. Dawa amezikubali.

Kuhusu mswada. Nimegawa sentensi kumi na nne. Neno "sana" umelitumia mara thelathini na mbili katika kurasa ishirini na nne. Mtu anayetunga muziki bila kusikia hahitaji "sana". Habari yake inatosha yenyewe. Picha ni nzuri.

Mama yako aliwasomea watoto Jumamosi. Walicheka pale mtunzi anapojimwagia maji hadi yakavuja kwa jirani wa chini. Mmoja alisema ni kama mjomba wake. Uzi mweupe uko kwenye ukurasa wa ishirini, pale muziki ulipokwisha naye akabaki ameupa ukumbi mgongo, hajui kwamba watu wanashangilia, mpaka mwimbaji mmoja alipomgeuza awaone. Yupo msichana kwenye benchi, binti wa fundi viatu, ambaye mama yako amempa jina la Kwanini, na nadhani sababu unaiona. Aliuliza, "Kwani yeye atajuaje kama wanampigia yeye?" Mama yako aliuweka mswada chini. Aliinuka, akamshika mabega, akamgeuza taratibu awatazame wenzake, na wote wakampigia makofi bila kuambiwa. Mtoto alilia kidogo, kisha akaomba ageuzwe tena.

Mama yako ananiambia nikuandikie hivi: "Chiriku, vaa soksi mbili." Nimeandika kama alivyosema.

Baba yako

*

25 Machi

Baba na Mama,

Shikamooni tena. Nimevaa soksi mbili. Sasa viatu havinitoshi, lakini nimetii.

Mswada wa kitabu cha tano ni huu. Ni habari za yule mtoto aliyezungushwa na baba yake kuwapigia wafalme kinanda akiwa bado hajaota meno ya mbele, na za dada yake, ambaye naye alipiga vizuri, hata alipokua akaachwa nyumbani. Mhariri anasema dada amechukua kurasa nyingi mno. Nimekaza shingo.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nilipiga simu dukani kwa muuza vitambaa Jumatano, nikapiga tena Alhamisi. Siku zote mbili akaniambia, "Mama hajapita wiki hii." Baba, Mama asiyepita kwa muuza vitambaa wiki nzima ni Mama gani? Hicho kikohozi kina hali gani? Nataka jibu lako, wala usinipe habari za gundi.

Niambie neno moja nije. Safari ni siku mbili tu. Nikiondoka sasa kitabu cha sita watampa mtu mwingine, najua, lakini hilo ni langu mimi. Semeni tu.

Mtoto wenu,
Chiriku

*

16 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tumeipokea barua yako tukiwa salama.

Umeomba jibu nami nakupa. Kikohozi kimeshuka kifuani. Mama yako alilazwa siku sita, akarudi. Amekonda. Ushonaji ameusimamisha kwa muda, na sare za muhula huu zimepelekwa kwa fundi wa barabara ya pili, ambaye mapindo yake mama yako anayasema vibaya kila siku, na hiyo ndiyo dalili yangu kwamba anaendelea.

Nilimsomea barua yako yote. Ulipoandika "nije", aliinua mkono nikanyamaza. Alisema, "Mwandikie asije. Amalize kwanza. Akija ataniketia hapa anitazame, na kazi aliyoililia miaka saba wataichukua wengine. Kitabu cha sita nataka kukisikia chote." Nilimwambia kwamba wewe ni mtu mzima na unaweza kuamua. Akasema, "Ndiyo, na ataamua vibaya." Basi nimetii, nawe tii.

Kitanda tumekisogeza chini ya dirisha, na benchi tumelileta chumbani. Watoto walikuja wenyewe kuuliza kama kuna mtunzi mpya. Mama yako alisoma kwa awamu tatu, kwa siku tatu, kwa sababu ya pumzi. Nyuzi alizipitisha mwenyewe. Huyo dada umwache palepale: pale baba yake anapofunga mlango wa gari na yeye amebaki uwanjani, utaona uzi mweupe umepitishwa mara mbili. Sijapata kuona akipitisha mara mbili.

Sahihisho langu ni moja tu. Mtoto hawezi "kuota meno ya mbele" katika ukurasa wa pili na kung'oka hayohayo katika ukurasa wa kwanza.

Baba yako

*

4 Mei

Mama yangu, na Baba,

Shikamooni. Mimi sijambo, ila tangu barua yenu ya mwisho nala chakula kama mtu anayetumwa. Sifurahii kutii, Mama. Nimetii, lakini ujue sifurahii. Naandika haraka ili nimalize haraka.

Kitabu cha sita hiki hapa. Ni cha yule mpiga kinanda mwenye watoto ishirini. Ndiyo, ishirini, usizimie. Alipokuwa kijana alitembea kwa miguu mamia ya kilomita kwenda kumsikiliza mpiga kinanda mmoja mzee. Aliomba ruhusa ya wiki nne akarudi baada ya miezi minne. Hapo Baba atasema angemfukuza kazi. Kwenye ukurasa wa tisa anamwambia mpuliza zumari mmoja kwamba zumari lake linalia kama beberu, na wanapigana barabarani. Ukurasa huo nimeuandika kwa ajili yako, Mama. Naisikia kabisa sauti yako. Kama kuna uzi mwekundu katika kitabu hiki ni hapo, na kama hapana, mimi niache kazi hii nikauze vifungo.

Sasa kuna ukurasa wa kumi na saba. Mtunzi anasafiri na mwana wa mfalme aliyemwajiri. Anamwacha mkewe mlangoni akiwa mzima. Anarudi baada ya miezi miwili, bado ana vumbi la njiani, na hapohapo anapoingia anaambiwa kwamba mkewe aliugua, akafa, na amekwisha kuzikwa. Ndivyo ilivyokuwa. Ukurasa mzima ni sentensi nne. Mchoraji amechora mlango ulio wazi na sanduku la safari limewekwa chini.

Mhariri anataka uondolewe. Anasema hakuna mzazi atakayemnunulia mtoto wake mlango kama huo. Tumebishana mpaka mpiga chapa akaja kuuliza kuna nini. Mwishoni nimemwambia, "Mama yangu ataamua," naye amekubali. Kwa hiyo, Mama, uzi utakaouweka hapo ndio neno la mwisho. Ukiwa mweupe, unabaki. Ukiwa mweusi, nitauandika upya mpaka ukae.

Unajua nalala nikiota nini? Kwamba nimefika na wewe unanipima kiuno na kunisuta kwamba nimekonda.

Binti yako,
Chiriku

*

27 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Huku nyumbani tunaendelea. Mswada umechelewa kwa sababu ya shughuli zilizotokea, nami naomba radhi kwa mhariri wako.

Mama yako anakusalimu.

Watoto walisomewa Jumamosi ya tarehe 14. Nyuzi zimo. Ukurasa wa sita una uzi mwekundu, pale anaporudi baada ya miezi minne. Ukurasa wa kumi na mbili una mweupe, anapowekwa gerezani kwa sababu ya kutaka kuhama kazi. Ukurasa wa tisa hauna kitu. Watoto walisikiliza kwa adabu.

Ukurasa wa kumi na saba una uzi mweusi. Watoto hawakuufuata. Mhariri wako ana haki. Uutoe.

Nimesahihisha alama za uandishi. Hakuna mengi.

Baba yako

*

11 Julai

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Watoto gani hao wasiocheka beberu?

Nimekaa na mswada huu siku tatu. Mama angefika ukurasa wa tisa angelia kama beberu mpaka mbwa wa jirani amjibu. Wanao "sikiliza kwa adabu" ni watoto wanaosomewa imla, Baba. Niliwahi kuketi kwenye darasa lako. Naijua ile adabu.

Nimegeuza karatasi. Mama hupitisha uzi kwa sindano na fundo huliweka nyuma, ili lisikwaruze kidole cha msomaji. Nyuzi hizi zimefungwa kwa vidole, na mafundo yote yako mbele.

Na "uutoe". Mama hajapata kuniambia niutoe ukurasa. Hata ule wa kitabu cha kwanza uliowalaza watoto wawili kwenye benchi.

Nilimpigia simu muuza vitambaa. Nilimsalimu, nikamuuliza Mama hajambo. Akasema, "Muulize mzee, mwanangu," akakata simu.

Basi nakuuliza, mzee. Nani alifunga nyuzi hizi? Mama yuko wapi?

Chiriku

*

24 Julai

Mwanangu,

Sikusalimu, kwa sababu salamu niliyokutumia mara ya mwisho ilikuwa ya uongo.

Mama yako alifariki tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, hapa chumbani, kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha. Tulimzika tarehe 11. Bahasha yako ya kitabu cha sita ilifika tarehe 19.

Nyuzi nilizifunga mimi.

Nitakueleza kwa utaratibu, maana sijui njia nyingine ya kueleza. Wiki ya mwisho aliniapisha. Alisema, "Amalize. Usimwite." Nilimwambia ni vibaya. Akasema, "Wewe umesahihisha watu miaka arobaini, mimi nisahihishe mara moja." Nikaapa. Nilimwomba shangazi yako anyamaze, na majirani, na muuza vitambaa, ambaye alikubali kwa shida na tangu hapo hanitazami usoni.

Bahasha ilipofika niliifungua mezani. Nilisoma ulipoandika, "Mama, mkasi uko wapi, ukate sentensi za Baba," pale pembeni mwa ukurasa wa tatu. Nilisoma mpaka ukurasa wa kumi na saba. Nikauweka mswada kabatini, nao ukakaa humo zaidi ya wiki tatu.

Kisha nikaona kwamba watoto wanastahili kusomewa. Nililirudisha benchi mahali pake, chini ya dirisha la chumba cha kushonea. Niliwaita. Walikuja wote, hata wale ambao sare zao zinashonwa kwingine, wakaketi wameshikana. Cherehani imefunikwa kitambaa. Nikasoma. Ukurasa wa tisa niliusoma kwa makini, kila neno. Hakuna aliyecheka. Kwanini akasema, "Babu, umesema beberu kama unavyosema nukta." Hilo ndilo jina wanaloniita, Bwana Nukta, nilikuwa sijui mpaka siku ile. Kwa hiyo sikuweka uzi. Kila uzi niliouweka ni wa kweli, mwanangu, isipokuwa mmoja.

Nilipomaliza ukurasa wa kumi na saba hakuna aliyetazama dirishani. Hakuna aliyemfinya mwenzake. Kwanini aliinuka, akaenda kusimama kando ya cherehani, akashika ncha ya kile kitambaa. Akauliza, "Mbona hawakumwandikia?"

Mwenzake mmoja akasema, "Labda hawakujua anwani."

Akasema, "Walijua! Alikuwa na mwana wa mfalme. Kila mtu anajua mwana wa mfalme yuko wapi."

Wote wakanitazama mimi. Wanajua kwamba unaye mama, maana jina lako ndilo la kwanza kusomwa kwenye kila mswada. Na wanajua kwamba hawakukuona mazishini.

Uliostahili pale ni uzi mweupe. Mimi nikafunga mweusi. Nilikuandikia uutoe ukurasa kwa sababu sikuweza kuishi na kitabu ambacho watoto wataniuliza swali lile kila watakapokifungua.

Nimesema niliapishwa. Hiyo ni nusu ya sababu, nami sipendi nusu. Wewe ulikuwa unaandika "Mama yangu, na Baba, shikamooni." Maadamu hujui, palikuwa na mtu mmoja duniani anayemwamkia. Nilizisoma salamu zako kwa sauti, nikiwa nimekaa kwenye benchi. Nilijua nikikuandikia, barua itakayofuata itaanza na "Baba" peke yake. Na ya mwisho imeanza hivyo.

Safari ni siku mbili. Kutoka saa nne ya tarehe 9 hadi mazishi zilikuwa siku mbili. Hesabu hiyo nimekwisha kuifanya; usijisumbue kuifanya wewe.

Njoo, au usije, au uniandikie lolote. Sitalisahihisha.

Baba yako

*

30 Septemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Sijapata jibu. Nimekwenda posta kila Jumatatu na Alhamisi, mpaka karani sasa hutikisa kichwa kabla sijafika dirishani, ili kunipunguzia hatua. Mwezi wa Agosti nilikifagia chumba chako na kubadilisha shuka. Tarehe uliyokuwa umesema nilikwenda uwanja wa ndege, nikaona watu wote wakitoka, hadi marubani. Shangazi yako anasema ulimpigia simu, ukauliza kaburi liko upande gani na kama lina kivuli, wala hukuniulizia. Umefanya haki.

Kwanini amekuja kuuliza kama mtunzi wa watoto ishirini amekwisha kuwa kitabu. Nilimwambia sijui. Akasema, "Si umwandikie?"

Namwandikia.

Baba yako

*

15 Desemba

Mwanangu,

Leo karani hakutikisa kichwa. Alinipa kifurushi.

Ni kitabu cha sita. Kimefika salama, safari hii gundi ni nzuri. Nilikipekua kutafuta barua. Nilikishika kwa mgongo na kukitikisa. Hakuna barua. Nikakisoma posta palepale, nimesimama, kama watu wanavyosoma magazeti yasiyo yao.

Ukurasa wa kumi na saba umo. Mlango umo, na sanduku. Sentensi sasa ni tano, si nne. Ya tano inasema, "Mbona hawakumwandikia?" wala haikujibiwa.

Na pembeni mwa ukurasa kuna uzi mweusi. Nimeutambua: ni ule niliokata mimi, maana upande mmoja umechanika kwa mkasi wangu mbaya. Umeupitisha kwa sindano. Nimepapasa kwa kidole: fundo liko nyuma.

Mwanzoni nilielewa jambo moja tu, kwamba hapa ndipo uliponipa mgongo. Nilirudi nyumbani na hilo. Nikaketi kwenye benchi. Watoto walipokuja niliwasomea kitabu kizima, na kwenye ukurasa wa tisa nilijaribu kulia kama beberu. Walinitazama kwa huruma. Kisha Kwanini akalia yeye, kunionyesha, na mbwa wa jirani akaitika, nao wakacheka mpaka mmoja akaanguka chini. Nimeweka uzi mwekundu. Kitabu kimechapwa, haina faida, lakini nimeuweka.

Tulipofika kwenye uzi mweusi, mdogo wao mmoja, ambaye hakumfahamu vizuri mama yako, aliuliza huu ni wa nini. Kwanini akamjibu bila hata kunitazama, kama mtu anayetaja siku za wiki: "Mweusi maana yake andika upya."

Sijui kama ndivyo ulivyokusudia. Huenda hukukusudia. Lakini ndiyo kanuni ya mama yako, nami katika nyumba hii niliishi kwa kanuni zake kuliko nilivyokiri. Kwa hiyo nimeandika upya. Imo ndani ya bahasha hii, ni karatasi moja. Nimeiandika kwa tarehe iliyopaswa kuwa nayo. Najua haibadilishi chochote na kwamba aliyekufa mwezi wa Mei anabaki amezikwa mwezi wa Mei. Mwanafunzi aliyekosea naye huandika upya baada ya mtihani kupita.

Hutalazimika kuijibu.

Baba yako

*

9 Mei

Mwanangu Chiriku,

Mama yako amefariki leo, saa nne asubuhi.

Nimeshika mkono wake wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameushika mwenyewe, anasugua kidole cha sindano, kama afanyavyo anapofikiri. Asubuhi aliuliza kama bahasha yako imefika. Nilimwambia bado. Akasema, "Iko njiani," akafumba macho, nami nikadhani amelala.

Aliniapisha nisikuite. Aliniapisha mara mbili. Nimevunja kiapo hicho sasa hivi, na nitakapokutana naye nitamwambia mwenyewe kwamba nimemkosea.

Acha kitabu. Mwache mtunzi, mwache mhariri, acha sentensi palipo, hata kama haina nukta. Njoo. Safari ni siku mbili. Nimewaambia wote hapa, shangazi yako, majirani, mafundi na watoto, kwamba hakuna kitakachofanyika mpaka ufike. Mlango uko wazi na benchi liko mlangoni, nami nimekaa hapo.

Hatuziki. Tunakungoja.

Baba yako